WALIMU WA WATOTO WADOGO WALIPWE NA LETA!

Ndugu wafanya kazi, na ninyi wababa na wamama wa site!

Kila asubuhi munapokwenda kazini, nani anabaki na mutoto wenu wa miaka 4? Ni mama mwalimu wa materneli. Anamufundisha kusema bila woga, kuhesabu, kushika kalamu, kunawa mikono. Mwisho wa mwezi tunamupa nini? «Asante, mama.» Asante hainunui unga wa bukari. Asante hailipi nyumba.

Tuseme wazi. Katiba ya 2006, katika artikle 43, inasema masomo ya primeri ya Leta ni ya lazima na ya bure. Katika mwaka 2019 Leta ilianza kutimiza neno hili. Vizuri! Lakini neno lile ni la primeri. Sheria ya masomo ya 2014 inahesabu materneli kuwa ngazi ya kwanza, na ngazi hiyo ya kwanza inaachiliwa mufuko wa wazazi. Mara nyingi mushahara wa mwalimu unatoka katika franka zao. Siku baba anafukuzwa kazi, mutoto anabaki nyumbani, na mwalimu naye anakosa mushahara.

Wengine wanajibu: «Ile si kazi, ni kuimba na watoto tu.» Uongo! Ninyi watu wa machimbo munajua: nguzo za chini hazionekani juu, lakini zikikosekana, shimo linaanguka. Mutoto anayeingia mwaka wa kwanza bila kushika kalamu hata siku moja, katika darasa lililojaa, anarudilia mwaka. Kisha tunamuita mujinga. Mujinga ni nani?

Wakati wa ukoloni, Union Minière ilijenga masomo katika kambi zake, mapadri wakafundisha. Haikuwa kwa mapendo. Ilitaka wafanya kazi wakae, na watoto wao wawe wafanya kazi wa kesho. Kampuni ilifahamu faida ya mutoto kwa ajili ya feza yake. Sisi wenye inchi tunashindwa kuifahamu kwa ajili ya inchi yetu?

Wanasema feza hakuna. Kongo inatoa kobalti kupita inchi zote za dunia! Sheria ya machimbo iliyogeuzwa katika 2018 inagawa redevance hivi: katika kila franka 100, 50 ni za Leta ya Kinshasa, 25 za provinsi, 15 za miji, komini, sekta ao sheferi ya mahali pa machimbo, 10 za mufuko wa vizazi vinavyokuja. Basi feza iko.

Hatutaki nyumba mupya yenye kibao cha sifa na isiyo na mwalimu. Tunataka mambo 3. Walimu wote wa materneli za Leta waandikwe katika listi ya mushahara ya Leta. Mushahara wao ulingane na ule wa primeri. Hesabu ya redevance ibandikwe mbele ya komini, kila mutu aisome.

Ndugu, muulize hesabu. Asiyeuliza hesabu analipa mara mbili.