Joto la dunia: mzigo wote usiwekwe kwenye jiko la mkimbizi



Tunapopita nyumba kwa nyumba kuhamasisha juu ya moshi, choo na chandarua, kuna swali ambalo halikosekani. Mama anauliza: "Ninyi wa afya mnatuambia tuache kuni kwa sababu dunia inapata joto. Je, wale wenye viwanda na magari wameambiwa nini?" Swali hili ni la haki. Halifai kujibiwa kwa kuonyeshwa bango lenye picha ya mti.

Maoni yangu ni haya: dunia haifanyi vya kutosha kupunguza joto hili, na sisi tulio kambini hatuna deni kubwa katika jambo hilo. Hata hivyo tuna sababu zetu wenyewe za kuacha kuni, na tuna haki ya kudai mambo fulani yafanywe.

Joto hili linatoka wapi?

Watu wanapochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, inatoka hewa ya ukaa. Hewa hiyo inapanda angani na kukaa huko miaka mingi sana, ikizuia joto lisitoke, kama mtu aliyejifunika blanketi juu ya blanketi. Kukata misitu kunaongeza tatizo, kwa sababu miti huivuta hewa hiyo na kuitunza.

Hapa Gisenyi wapo wanaosema joto linaletwa na Nyiragongo. Tunaelewa kwa nini. Mlima ule tunauona ukiwaka usiku, na ulipolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia upande huu kwa maelfu. Ni kweli volkano hutoa hewa ya ukaa. Lakini volkano zote za dunia zikijumlishwa, hazifikishi hata sehemu 1 kati ya 100 ya ile inayotolewa na shughuli za watu kwa mwaka.

Na watu hao si sawa. Ukihesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mmarekani mmoja kwa wastani anatoa zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mtu mmoja wa Rwanda hafikishi hata robo ya tani, na wa Kongo yuko chini zaidi. Kwa hiyo anayemwambia mama wa kambini kwamba sufuria yake ya maharagwe ndiyo inayoharibu dunia, hamwambii ukweli.

Mto Sebeya na maji ya mwaka 2023

Pamoja na hayo, anayelipa kwanza si yule aliyechoma zaidi. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya, unaoteremka kutoka milima ya Gishwati hadi Ziwa Kivu, ulifurika na kuingia majumbani hapa Rubavu. Zaidi ya watu 130 walikufa nchini katika mafuriko na maporomoko ya ardhi. Siku iliyofuata, tarehe 4 Mei, maji na matope yalishuka Kalehe, Kivu ya Kusini, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Huko waliokufa walipita 400. Wengi wetu tuna ndugu pande zote mbili za ziwa, na misiba hiyo ilikuwa yetu.

Je, ni joto la dunia lililofanya hivyo? Tuseme ukweli wote, hata ule usiotusaidia katika mabishano. Wataalamu wanajua kwamba hewa ikipata joto kwa nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi, karibu 7 kwa kila 100. Ndiyo maana mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa mahali pengi duniani. Lakini wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipochunguza mvua ile ya Ziwa Kivu mwaka huohuo wa 2023, walishindwa kutoa jibu. Sababu yao ilikuwa kwamba takwimu za mvua za eneo letu zilikuwa chache mno. Vipimo havikutosha, na pale vilipokuwepo kumbukumbu zilikatika kwa miaka.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hilo. Mamia ya watu wanakufa, na sayansi inashindwa kueleza vizuri kwa sababu hapakuwa na vipimo vya kutosha vya kuandika mvua. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kujibu swali la kama dunia inafanya vya kutosha.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu nasi. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600 tu. Sehemu iliondolewa kwa miradi ya ufugaji, na sehemu nyingine na watu waliotafuta mahali pa kuishi na kulima baada ya 1994. Mlima ukivuliwa miti, maji hayana wa kuyazuia. Tangu 2015 mabaki ya msitu huo yamewekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na katika bonde la Sebeya watu wamechimba matuta na kupanda miti na mianzi. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini mti haukui kwa mwaka mmoja.

Sisi wakimbizi pia tunajua habari ya ardhi iliyochoka. Kambi ya Gihembe, kule Gicumbi, ilifunguliwa 1997 na kufungwa 2021, kwa sababu makorongo ya mmomonyoko yalikuwa yakila ardhi chini ya nyumba. Waliokaa pale zaidi ya miaka 20 walihamishiwa Mahama. Na tukumbuke pia miaka ya 1994 hadi 1996, kambi zilipokuwa kandokando ya Goma, jinsi msitu wa Virunga ulivyokatwa kila siku kwa ajili ya kuni. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa na njaa, wakakosa kitu kingine cha kupikia.

Mtungi wa gesi ni kama dawa

Hapa ndipo ninapofika kwenye jiko. Kama mtu wa afya, sikuombi uache kuni kwa ajili ya barafu ya nchi za mbali. Ninakuomba kwa ajili ya kifua cha mtoto wako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani, wa kupikia kwa kuni, makaa na mafuta ya taa, ulichangia vifo milioni 3.2 duniani. Mama anayepika ndani ya nyumba ndogo ya shitingi, mtoto akiwa mgongoni, moshi ule wanauvuta wawili. Ndipo vinapokuja vikohozi visivyokwisha na homa ya mapafu. Na msichana anayetumwa kuni anakosa masomo, na huko vichakani anakutana na hatari ambazo hatuhitaji kuzitaja.

Gesi nayo inatoka ardhini, na ikiwaka inatoa hewa ya ukaa. Lakini haina moshi ule unaoharibu mapafu, na inaacha miti isimame mlimani. Katika kambi kadhaa za Rwanda, Mahama ikiwemo, watu wengi walitolewa kwenye kuni wakaletewa gesi. Hilo ni badiliko jema, na walioliomba walifanya vizuri.

Tatizo ni kwamba mtungi hauzimi njaa ukiwa mtupu. Gesi ikiisha kabla ya mwezi, au pesa ya kuijaza ikipunguzwa, familia inarudi kwenye kuni jioni ileile. Tangu 2025 misaada kwa wakimbizi imepungua sehemu nyingi duniani. Ninachosema ni hiki: gesi ya kupikia isihesabiwe kuwa anasa inayoweza kupunguzwa kwanza. Ihesabiwe pamoja na chanjo na dawa ya malaria. Huwezi kumkataza mtu kuni kwa mkono mmoja na kumnyang'anya mtungi kwa mkono mwingine, kisha ukasema unalinda mazingira.

Ahadi za wakubwa

Wakubwa wa dunia wameahidi mengi. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kufikia dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kuzisaidia nchi maskini katika jambo hili. Kiasi hicho kilifikiwa mara ya kwanza 2022, miaka miwili baadaye, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mwaka 2015 huko Paris zilikubaliana kujitahidi joto lisiongezeke kupita nyuzi 1.5. Mwaka 2024 pekee ulipita kiwango hicho, ingawa mwaka mmoja si sawa na wastani wa miaka mingi. Mwaka 2022 uliamuliwa mfuko wa kuwasaidia walioharibiwa na majanga, na ulipoanza huko Dubai mwishoni mwa 2023, ahadi zilikuwa karibu dola milioni 700, kwa dunia nzima. Januari 2025 Marekani ikatangaza kujitoa tena katika mapatano ya Paris.

Tuwe waadilifu: si kwamba hakuna kilichofanyika. Umeme wa jua umekuwa rahisi sana kuliko zamani. Rwanda, nchi ndogo isiyochafua sana, ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, na mwaka 2020 ilijiwekea lengo la kupunguza hewa chafu hadi 2030. Lakini mwendo wa dunia kwa ujumla ni wa konokono, na maji ya Sebeya hayamngojei konokono.

Sisi tufanye nini?

Wengine watasema: "Hii ni kazi ya Mungu, na sisi ni wageni tu hapa." Kumtegemea Mungu ni vizuri, lakini hata yeye alitupa mikono. Ninapendekeza mambo matatu.

La kwanza, nyumbani. Loweka maharagwe usiku kucha, funika sufuria, na ukikosa gesi ukapika kwa kuni, pikia nje au mahali penye upepo, mtoto awe mbali na moshi. Utapunguza kuni na utapunguza kikohozi.

La pili, kwenye vikao vyetu. Kamati za wakimbizi, hasa wawakilishi wa akina mama, ziombe gesi kama jambo la afya. Ziandike ni familia ngapi zimeishiwa kabla ya mwezi, na kwa siku ngapi. Malalamiko yenye hesabu husikilizwa kuliko malalamiko matupu.

La tatu, tupime mvua yetu. Kipimamvua si mashine kubwa. Ni chombo chenye kuta zilizonyooka na alama za milimita, kinachowekwa mahali wazi mbali na miti na mapaa, na kusomwa kila asubuhi saa ileile. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita mraba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya nyumba yenye ukubwa wa mita mraba 20, ni lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20 zinazoteremka kwa jirani wa chini. Mwenye kujua hivyo ataelewa kwa nini tunasisitiza mifereji izibuliwe kabla ya masika na vyoo visichimbwe kwenye njia ya maji.

Kituo cha afya kinaandika kila wiki wagonjwa wa malaria na wa kuhara. Kiandike na mvua pembeni yake. Vijana waliosoma sekondari wapo wengi na hawana kazi. Wapewe daftari na wafundishwe. Baada ya miaka michache tutajua mvua ya aina gani huja na kuhara, na siku wataalamu watakapouliza tena juu ya ziwa hili, watakuta kwetu daftari lenye tarehe na hesabu.