Kamiyama, safari ya pili

Wenzangu wanaokwenda Kamiyama hurudi wakilalamika: mji wa sanaa gani huo, hauna hata pa kupigia picha? Nami safari ya kwanza niliona misitu ya mierezi, wazee wakilima sudachi (vile vilimau vya kijani) na nyumba zilizofungwa. Basi. Juzi nimekwenda tena, na safari hii nimeuliza maswali.

Mji huu wa milimani Tokushima, kisiwa cha Shikoku, ulikuwa na watu zaidi ya 20,000 miaka ya 1950. Leo ni kama 5,000. Tangu 1999 unaalika wasanii wachache kila mwaka, wanaishi pale na kufanya kazi zao kwa msaada wa wenyeji. Halafu ukaanza kuchagua wahamiaji kwa fani: tunataka mwoka mikate, nyumba tupu hii hapa, njoo. Hawajidanganyi kwamba wale 20,000 watarudi. Wanachojali ni nani anakuja.

Rafiki yangu anasema huo ni ubaguzi tu, asiye na fani aende wapi? Hoja nzito, siibezi. Lakini nyumba za kukalika ni chache, lazima mtu achague, na afadhali achague mwenyeji kuliko dalali.

Mwaka 2023 kimefunguliwa chuo cha ufundi cha miaka 5, vijana wanaingia wakiwa na miaka 15. Wa kwanza watamaliza 2028. Wangapi watabaki?