Mgonjwa wa Kifua Asikalishwe Kitini kwa Jina la Heshima



Ndugu zangu Waislamu, wazazi na vijana, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo limo ndani ya nyumba zetu nyingi lakini hatulisemi: mzee au mama mwenye kifua cha muda mrefu. Akipanda ngazi tatu anahema. Akichukua udhu hupumzika katikati. Na sisi watoto wake, kwa mapenzi, tunamwekea kiti, tunamletea kila kitu pale pale, na tunamwambia: “Kaa, mzee wangu, usijichoshe.” Kwa maoni yangu heshima ya namna hii, ingawa nia yake ni njema, inamdhuru mzazi. Na karibu kila familia yenye simu inaweza kumfanyia lililo bora zaidi.

Kwanza tujue kwamba wagonjwa hawa si wachache. Mwaka 2015 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchunguzi uliofanywa Masindi, hapa Uganda. Katika watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30, kiasi cha 16 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Wengi mno walikuwa wakiishi na moshi wa kuni. Ongeza hapo wavuta sigara, na wale waliopona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu.

Sasa kwa nini kiti kinadhuru? Mtu akikaa kutwa, misuli ya miguu hulegea. Misuli iliyolegea huhitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile ndogo, basi mgonjwa huhema mapema zaidi, huogopa, na hukaa zaidi. Ndivyo anavyozidi kudhoofika mwezi hata mwezi. Mazoezi hayaondoi makovu ya mapafu, lakini huirudishia misuli nguvu, na pumzi ile ile ndogo ikamfikisha mbali zaidi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya programu ya wiki 6 iliyofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watu waliobaki na matatizo ya mapafu baada ya kifua kikuu. Walipomaliza walikuwa wakitembea umbali mrefu zaidi kuliko mwanzo.

Tatizo ni kwamba Mulago ni mbali. Mtu asiyeweza kufika sokoni atapandaje bodaboda na basi mara mbili kwa wiki, na nauli atatoa wapi? Hapo ndipo mazoezi ya nyumbani kwa maelekezo ya mbali yanapokuja. Huko Australia watafiti waliwagawa wagonjwa 166 makundi mawili. Kundi moja lilikwenda hospitalini kwa wiki 8. La pili lilitembelewa nyumbani mara moja tu, kisha likapigiwa simu mara moja kila wiki kwa wiki saba. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliobaki nyumbani hawakuwa nyuma ya wenzao. Mwaka 2021 taasisi ya Cochrane ilikusanya tafiti 15 za namna hii. Katika kila wagonjwa 100, waliofuatiliwa wakiwa mbali walimaliza 93, na waliotakiwa kuhudhuria wenyewe walimaliza 70.

Wako watakaosema kwamba simu haisikilizi kifua, na kwamba haya ni matibabu ya kimaskini. Neno lao la kwanza ni kweli. Kwa hiyo mgonjwa lazima aonwe kwanza na daktari ana kwa ana, apimwe kifua na moyo, ahakikishwe hana kifua kikuu kinachoendelea, na apewe kipimo chake cha mazoezi. Wako ambao nyumbani hapawafai, na daktari ndiye atakayesema. Dawa zake nazo aendelee nazo. Na akipata maumivu ya kifua, midomo ikageuka rangi au akaanza kuchanganyikiwa, asimamishe mazoezi apelekwe hospitali mara moja. Lakini neno la pili silikubali. Mama mjane anayeona haya kuingiliwa na mwanamume asiyemjua nyumbani kwake, akipigiwa simu na mtaalamu mwanamke amehifadhiwa. Umaskini uko wapi hapo?

Dini yetu nayo imetufundisha njia. Imran bin Huswayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa, Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kadiri ya uwezo wake, kuanzia kusimama, kisha kukaa, kisha kulala ubavu. Ruhusa ile ina ngazi. Hakuna anayeruka kutoka kusimama mpaka kulala na hali kukaa anakuweza. Basi na mwili ni hivyo hivyo: anayeweza kutembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mwembe, tusimnyime hatua zake. Wiki ijayo atafika njia panda, na baadaye huenda akafika msikitini kwa miguu yake, inshaallah.

Kazi yetu watoto ni ipi? Ni kutembea naye mwendo wake, si mwendo wetu. Ni kumhesabia anaponyanyuka kitini na kukaa tena. Ni kumkumbusha atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto. Ni kuandika katika daftari dakika alizotembea, ili mtaalamu akipiga simu apate jibu la kweli. Mwanafunzi wa madrasa wa miaka kumi na miwili anaiweza kazi hii, na ni katika kuwafanyia wema wazazi. Na wewe uliye mbali unayetuma pesa za dawa kila mwezi, Allah akulipe, lakini piga simu pia uulize: “Leo umetembea?”

Halafu tutazame jikoni. Kumfanyisha mama mazoezi asubuhi na kumrudisha kwenye moshi jioni ni kutia maji katika pakacha. Apike mwingine, jiko litolewe nje, na asivute mtu sigara ndani ya nyumba.

Kwa kamati za misikiti nina ombi moja. Muulizeni mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali ya wilaya yenu kama yuko tayari kuwafuatilia wagonjwa kwa simu, na muda wa maongezi utolewe katika sadaka. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mahema ya maziko, ambayo hatujawahi kushindwa kuyalipia.

Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe miguu yao pale ambapo ya kwao imechoka. Amin.

Wabillahi tawfiiq.