Kashata Nazo ni Somo la Kiswahili

Sikukuu zinapokaribia, maduka makubwa ya miji yetu hupanga makopo ya biskuti karibu na mlango, nasi wazazi hupita tukayachukua mawili matatu tukaona tumekwisha jitayarisha. Siku yenyewe ikifika, mgeni hukaribishwa, kopo likafunguliwa, na mtoto wa nyumbani akiulizwa kilichomo hujibu kwa neno moja tu: biskuti. Akiulizwa zimetengenezwaje, hana jibu, wala hatumtarajii awe nalo. Jambo hili huenda likaonekana dogo. Kwangu mimi, ninayefundisha isimu, si dogo hata kidogo, na ningewaomba walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wanivumilie nieleze kwa nini.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi nililolidhani kuwa jepesi. Niliwataka waandike, kwa ukurasa mmoja, maelezo ya namna ya kutengeneza kashata za nazi. Wengi wao wanakusudia kuwa walimu wa Kiswahili katika shule za upili, na muhula uliotangulia walikuwa wamenichambulia fonimu na mofimu bila ya kusita. Katika karatasi zile, hata hivyo, nilikuta vitenzi vitatu vikifanya kazi ya jiko zima: kuweka, kuchanganya na kutoa. Nazi iliwekwa, sukari ikawekwa, sufuria ikawekwa motoni. Kisha vyote vikachanganywa, vikatolewa. Mmoja wao, aliyekuwa amesoma mahali kwamba mwanamke fulani alikalia mbuzi akikuna nazi, alinifuata baada ya kipindi akaniuliza ni desturi gani hiyo ya kumkalia mnyama wakati wa kupika.

Sikumcheka, maana nami nilikuwa na langu la kuficha.

Nilizaliwa Mombasa, mtoto wa kiume wa mwanamke aliyesifika mtaani kwa maandalizi yake ya Idi. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, nyumba yetu ilinukia iliki kutoka ukumbini hadi uani. Palikuwa na vileja vya unga wa mchele na samli, visheti vilivyogaagazwa katika shira nzito, kaimati, kashata za nazi na za njugu. Sisi wavulana tulifukuzwa jikoni. Kazi yetu ilikuwa kupeleka sahani kwa majirani, Waislamu na wasio Waislamu, na kuzirudisha zikiwa na kitu kingine, kwani sahani ya jirani hairudishwi tupu. Krismasi ikifika, sahani zilianzia upande wa pili. Basi nilikua nikiyajua majina ya vyakula vile vyote na ladha zake, nisijue hata kimoja kinavyopikwa.

Mwaka juzi, nikiwa bara ninakofanyia kazi, binti yangu aliniomba tutengeneze kashata za kupeleka shuleni siku ya kufunga muhula. Nikampigia mama simu. Akaniambia, “Teleka sukari na maji, mwanangu, usikoroge sana. Ikishaanza kuvuta uzi, tia nazi.” Nikamwuliza ni uzi gani huo. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. “Umesoma hata ukawasomesha wenzio, na uzi wa shira huujui?” Haya ilinizuia kuuliza zaidi. Matokeo yake ni kwamba niliziacha kashata zikapoa kabisa siniani ndipo nikatafuta kisu, nazo zikawa zimeshikana kama jiwe. Binti yangu alikwenda shuleni na kopo la biskuti.

Nilijifunza mambo mawili siku ile. La kwanza ni la upishi, nalo nitalieleza hapa chini ili asije mwingine akaaibika. La pili ni la lugha: kwamba kuna sehemu pana ya Kiswahili ambayo haikai vitabuni bali mikononi mwa watu wanaofanya kazi fulani, na mikono hiyo ikiacha kazi, maneno nayo huondoka.

Tuanze na kashata. Chukua vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, kikombe kimoja na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maji, punje chache za iliki zilizotwangwa na chembe ya chumvi. Pakaza sinia mafuta kabla ya lolote, kwa sababu baadaye hutapata nafasi. Teleka sukari na maji hadi sukari iyeyuke na maji yaanze kukauka. Chota shira kidogo kwa kijiko, iache ipoe, uibane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uviachanishe vidole. Ikivuta uzi, imekuwa tayari. Tia nazi, iliki na chumvi, ukoroge bila ya kuacha mpaka mchanganyiko uanze kubanduka sufuriani. Ipua, mimina siniani, usawazishe kwa mgongo wa mwiko, na uzikate zikiwa bado na uvuto wa moto. Zikipoa hugandamana, na hapo kisu hakifui dafu.

Haihitaji joko wala mashine. Jiko la makaa au la gesi latosha. Hadhari ni moja tu: shira iliyokolea huwa na moto kuliko maji yanayochemka, tena hunata mwilini, kwa hiyo mtoto asiachiwe aishughulikie peke yake.

Sasa mwalimu na ayatazame maelezo hayo kwa jicho la kazi yake. Kuteleka ni kuweka chombo motoni, na kinyume chake ni kuipua. Tukisema “weka sufuria” na “toa sufuria” twaeleweka, lakini tumemnyima mwanafunzi jozi nzuri ya vinyume. Unga uliotiwa hamira huumuka. Mpishi ndiye auumuaye. Hapo pana mfano bora wa kitenzi na mnyambuliko wake, na mwanafunzi aliyeona bakuli la kaimati likifura chini ya kitambaa hatausahau. Kutwanga si kusaga, na kusaga si kupaaza: iliki hutwangwa kinuni, mchele wa vileja husagwa ukawa unga laini, na nafaka inayopaazwa huachwa ikiwa chenga. Nazi hukunwa, ikakamuliwa, tui likachujwa, yakabaki machicha. Kwa kashata twaitumia nazi isiyokamuliwa, kwani utamu na mafuta yake yote yamo katika tui.

Na ile mbuzi iliyomtatiza mwanafunzi wangu ni kibao chenye chuma cha meno mbele yake, ambacho mkunaji hukikalia. Mnyama ni mbuzi huyu. Kifaa ni mbuzi hii. Ni mwalimu gani asiyetafuta mfano kama huo wa upatanisho wa kisarufi?

Hata nazi yenyewe ina ngazi zake. Huanza ikiwa kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu la kunywewa maji, ikawa koroma, ndipo ikakomaa ikawa nazi. Mpishi wa kashata akiletewa koroma ataikataa. Kwake yeye hayo si maneno ya kujazia pengo katika mtihani. Ni tofauti anazozihitaji ili kazi yake isiharibike, na ndiyo sababu lugha ikazizaa.

Mengi ya maneno haya yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1981. Lakini neno kuwamo kamusini si sawa na kuwamo vinywani mwa watu. Kamusi huhifadhi maana. Matumizi huhifadhiwa na wasemaji. Leo hii nasikia vijana wakisema “mandazi hii”, wasijue kuwa andazi ni moja na maandazi ni mengi, na kwamba neno hilo ni jamaa wa karibu wa kuandaa. Zamani aliyekuwa stadi wa vyakula hivi aliitwa mwandazi. Cheo hicho kimetoweka, labda kwa sababu tuliacha kuuona ustadi wenyewe kuwa cheo.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema kuwa lugha hukua kwa kukopa, na kwamba biskuti na keki ni maneno ya Kiswahili sasa. Sina ugomvi nao. Halua na sukari ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, na hao wa pili waliipata sukari kutoka upande wa Bara Hindi. Iliki pia ilivuka bahari kutoka huko, na kaimati tunazoziona zetu huliwa hadi leo katika nchi za Ghuba kwa jina la luqaimat, yaani vijitonge. Lakini waliokopa maneno hayo walikopa pamoja nayo kazi ya mikono, wakaifanya kwa nazi zao na majiko yao, na Kiswahili kikatajirika. Biskuti ya kopo haituletei kitenzi hata kimoja zaidi ya kununua na kula.

Wa pili watasema kuwa haya ni mambo ya pwani, na kwamba mwanafunzi wa Kakamega au wa Nyeri hana mnazi uani. Ni kweli. Lakini magharibi ya nchi yetu kuna miwa na sukari guru, kuna njugu na simsim, na kashata za njugu hutengenezwa kwa njia ile ile ya shira. Njugu hukaangwa, zikapukuswa maganda, zikapepetwa. Naye mwanafunzi akimwuliza nyanyake hatua hizo zinaitwaje katika lugha yao ya nyumbani, atarudi darasani na maneno ya kulinganisha, na hapo mwalimu atakuwa amepata somo la isimu asiloligharimia hata senti.

Wa tatu watanikumbusha maradhi ya kisukari. Nakubaliana nao kabisa. Vyakula hivi havikuwa vya kila siku. Vilikuwa vya Idi, vya Krismasi, vya arusi na vya kumpokea msafiri, na vikikatwa vipande vidogo vya kusindikizia kahawa chungu. Hatari imeingia tulipoufanya utamu uweze kununuliwa kila pembe ya barabara. Anayelazimika kukuna nazi kwanza hali kashata kila siku.

Limebaki jambo moja ambalo nalisema nikijinyoshea kidole mwenyewe. Ujuzi huu tumeuita kazi ya wanawake, na kwa kuuita hivyo tukauhesabu kuwa si elimu. Wavulana tulifukuzwa jikoni, tukaona tumetukuzwa. Kumbe tulikuwa tukinyimwa. Wasichana nao waliofundishwa jikoni hawakuambiwa kuwa wanachokijua chastahili kuandikwa. Mama yangu anapima samli kwa macho na chumvi kwa vidole vitatu. Hajaandika chochote, wala mimi mwanawe, niliyetumia miaka kadhaa kuandika tasnifu juu ya vitenzi vya Kiswahili, sikuwahi kufikiria kumketia chini na daftari. Nilivitafuta vitenzi maktabani, navyo vilikuwa uani kwetu vikifanya kazi.

Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, unamtaka mwanafunzi atende, si akariri tu. Wazazi wengi wamelalamika kuwa kutenda huko kumegeuka kuwa kununua manila na gundi usiku wa manane. Basi hapa pana kazi ambayo vifaa vyake vimo nyumbani. Pendekezo langu kwa walimu wa Kiswahili, wa msingi na wa upili, ni hili: likizo ijayo, kila mwanafunzi, mvulana na msichana, akae na mtu mzima anayejua kutengeneza kitamutamu kimoja. Amsaidie kazi mwanzo hadi mwisho. Aandike maelezo ya utaratibu kwa vitenzi vile vile alivyovisikia, asibadilishe hata kimoja ili kionekane cha kitabuni. Shule ikifunguliwa, karatasi hizo zisomwe darasani, na vitenzi viandikwe ubaoni. Mwalimu naye asione haya kusema, “Hili sikulijua.”

Nanyi wanafunzi, msiwasubiri walimu. Mwulizeni mama, mwulizeni shangazi, mwulizeni mzee wa kahawa auzaye kashata kando ya barabara. Ulizeni mpaka wachoke, maana siku moja mtahitaji kuuliza na hapatakuwa na wa kujibu.

Mimi nimekwisha anza. Idi iliyopita nilikwenda Mombasa na binti yangu, na daftari. Mama alikuwa juu ya mbuzi, mjukuu wake mbele ya jiko, nami kando nikiandika. Kurasa kumi na mbili zilijaa kabla ya adhuhuri, na tulikuwa hatujafika kwenye vileja. Tulipoipua sufuria, mama alinipa kisu mkononi akasema, “Kata sasa, daktari, kabla hazijapoa.” Safari hii nilikata kwa wakati.