Una mkopo wa nyumba? Dai haki yako ya ushuru

HAKUNA jambo linalompa mzazi wa jijini usingizi mtamu kama kujua kwamba mwisho wa mwezi hakuna mwenye nyumba atakayebisha mlangoni akidai kodi. Ndiyo maana familia nyingi za mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Donholm, Komarock na Kayole, hujinyima mengi ili siku moja ziitwe wenye nyumba.

Lakini, mpendwa msomaji, kununua nyumba kwa mkopo ni kuanza safari ndefu. Kwa miaka 15 au 20 benki itakuwa ikinyoosha mkono kabla hujanunua unga wala kulipa karo. Na upande wa pili yupo mtoza ushuru, ambaye naye hachelewi.

Wengi hawajui kwamba sheria imewaamuru hawa wawili wasikunyonye kwa wakati mmoja. Sehemu ya riba unayolipa kwa nyumba unayoishi huondolewa kwenye mapato yako kabla ya ushuru kuhesabiwa. Nafuu hii imekuwepo kwa miaka mingi, ila haimfuati mtu nyumbani kwake. Asiyeidai huipoteza. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya, katika kifungu cha 15, inamruhusu mtu kuondoa kwenye mapato yake riba aliyolipa kwa mkopo wa kununua au kuboresha nyumba anayoishi mwenyewe. Kuanzia mwaka wa 2017 kiwango cha juu kilikuwa Sh300,000 kwa mwaka. Mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika Desemba 27, 2024 yalikipandisha hadi Sh360,000, yaani Sh30,000 kwa mwezi. Kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikaongeza mikopo ya kujenga nyumba, jambo la heri kwa wale wanaonunua ploti kule Ruai au Kamulu na kuinua kuta polepole.

Hapa watu wengi hujikwaa. Sh360,000 si pesa utakazorudishiwa mkononi. Ni mapato ambayo hayatatozwa ushuru. Ikiwa sehemu ya juu ya mshahara wako inatozwa asilimia 30, basi ukiondoa Sh30,000 kwa mwezi unaokoa Sh9,000. Kwa mwaka mzima hizo ni Sh108,000. Si utajiri, lakini mzazi mwenye mtoto katika shule ya bweni anajua zinaweza kufanya nini mwezi wa Januari.

Masharti nayo ni haya. Kwanza, ni lazima uwe unaishi katika nyumba hiyo. Ukiinunua nyumba ya Umoja kisha ukaipangisha huku wewe ukikaa kwingine, nafuu hii haikuhusu. Pili, ni nyumba moja tu kwa mtu mmoja. Tatu, ukihamia katikati ya mwaka, unahesabiwa miezi uliyoishi humo pekee. Nne, mkopo uwe umetoka kwa taasisi zilizotajwa na sheria: benki, kampuni za bima, vyama vya ujenzi wa nyumba vilivyosajiliwa, Shirika la Nyumba la Taifa, na tangu mwaka wa 2023, vyama vya ushirika vilivyosajiliwa. Pesa ulizokopeshwa na chama cha akina mama wa ploti, shemeji yako au shailoki wa mtaani hazimo, hata kama zote ziliishia kwenye mabati na saruji.

Pesa za mlangoni

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hata baadhi ya wenye mikopo ya miaka mingi hawajawahi kulisikia.

Mtu anayekopa ili anunue nyumba hulipa pesa nyingi kabla hajapewa ufunguo. Kuna ada ya benki ya kushughulikia na kuidhinisha mkopo, ambayo hupimwa kwa asilimia ya mkopo wenyewe. Kuna malipo ya mthamini wa nyumba. Kuna wakili. Kuna bima. Kuna ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba. Wengi huzika pesa hizi zote katika kaburi moja na kuzisahau.

Ndugu zetu walioko Marekani wanaijua vyema ada ya namna hii. Kule kuna malipo yanayoitwa pointi. Pointi moja ni asilimia 1 ya mkopo, na mnunuzi huilipa siku ya kutia sahihi ili apunguziwe kiwango cha riba. Mamlaka ya ushuru ya huko, IRS, huzitazama pointi hizo kama riba iliyolipwa mapema. Anayenunua nyumba ya kuishi, akitimiza masharti, aweza kuziondoa zote kwenye mapato yake ya mwaka alioinunua. Anayechukua mkopo mpya ili alipe ule wa zamani kwa kawaida huzigawanya kwa miaka yote ya mkopo.

Je, sisi huku tuna kitu kama hicho? Naam, tunacho, ingawa hakitajwi sana. Sheria yetu ya Ushuru wa Mapato, pale mwanzoni inapofafanua maneno yake, haisemi kwamba riba ni ile tu inayohesabiwa kila mwezi. Inasema riba ni pamoja na ada inayolipwa ili mkopeshaji ajifunge kukupa mkopo, na ada ya huduma inayotozwa kwa ajili ya mkopo huo. Kwa maneno hayo, mwenye nyumba ana msingi wa kudai kwamba ada aliyoilipa benki mlangoni ihesabiwe pamoja na riba yake, maadamu jumla haivuki kiwango kilichowekwa.

Angalia vizuri mpaka wake. Anayezungumziwa ni mkopeshaji na mkopo wake. Wakili hakukukopesha. Mthamini hakukukopesha. Ushuru wa stempu umeenda kwa serikali. Bima ni bima. Na ile sehemu ya malipo ya kila mwezi inayopunguza deni lenyewe si riba, ni deni.

Tupige hesabu

Kwa nini tunasumbuka na ada ya mara moja? Jibu limo katika tarakimu.

Chukua mfano wa mwalimu anayepata Sh90,000 kwa mwezi. Amekopa Sh3 milioni kwa riba ya asilimia 9.5 kwa miaka 20, na alihamia nyumba yake mwezi wa Januari. Kila mwezi atalipa karibu Sh28,000. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, Sh23,750 ni riba, na zilizobaki, kama Sh4,200 hivi, ndizo zinazopunguza deni. Mwaka wa kwanza ukiisha, atakuwa amelipa riba ya takriban Sh283,000. Kwa kiwango cha asilimia 30, nafuu yake ni karibu Sh84,900.

Tuseme benki ilimtoza ada ya asilimia 1.5 mwezi huo huo wa Januari, yaani Sh45,000. Akiijumlisha, riba yake inafika Sh328,000, ambayo bado haijavuka Sh360,000. Nafuu yake inapanda hadi Sh98,400. Tofauti ni Sh13,500. Kwa karatasi moja tu!

Sasa mtazame jirani yake aliyekopa Sh6 milioni kwa asilimia 14. Mwaka wa kwanza riba yake pekee inapita Sh830,000. Huyu atagonga dari ya Sh360,000 kabla ya nusu ya mwaka kwisha. Aongeze ada asiongeze, nafuu yake haisongi.

Hapo utaona kwamba ada ya mlangoni ina maana zaidi kwa mkopaji mdogo, yule wa mkopo wa riba nafuu. Na mara nyingi huyo ndiye asiye na mhasibu wa kumnong'onezea.

Kuna mtego mmoja wa tarehe. Ada hulipwa kabla ya kuhamia. Ukiilipa Novemba kisha ukahamia Februari, ada imeangukia mwaka ambao hukuwa ukiishi katika nyumba hiyo, na itakuwa vigumu kuidai. Ukiweza, panga mambo ili kulipa na kuhamia viwe ndani ya mwaka mmoja.

Ufanye nini?

Usiende katika ofisi za ushuru na maneno matupu. Fuata hatua hizi:

1. Kila Januari, iombe benki au sacco yako cheti cha riba uliyolipa mwaka uliopita. Kionyeshe jina lako, nambari ya akaunti ya mkopo, kiasi ulichokopa, deni lililosalia na riba iliyolipwa.

2. Kama ulilipa ada ya mkopo mwaka huo, omba itajwe katika cheti hicho waziwazi kuwa ni ada iliyotozwa kwa ajili ya mkopo. Vyeti vingi huonyesha riba ya kila mwezi pekee. Afisa akikuambia haiwezekani, omba jibu kwa maandishi, uliweke pamoja na risiti na barua ya mkopo. Kabla ya kuijumlisha ada katika ritani yako, mwonyeshe mtaalamu wa ushuru karatasi hizo au uiandikie KRA kuomba mwongozo. Ni heri kuuliza mapema kuliko kubishana baadaye.

3. Ikiwa umeajiriwa, mpelekee mwajiri wako nakala. Sheria ya Fedha ya 2025 inamtaka mwajiri azingatie nafuu zote anazostahili mfanyakazi kabla ya kukata ushuru wa mshahara, ule unaoitwa PAYE. Lakini mwajiri si mganga wa ramli. Asipoiona karatasi, hatajua una mkopo.

4. Unapojaza ritani yako kwenye mtandao wa iTax, usiishie kunakili fomu ya P9. Ipo sehemu maalum ya riba ya mkopo wa nyumba. Utaulizwa nambari ya PIN ya mkopeshaji, hivyo iombe mapema. Siku ya mwisho ni Juni 30, na mtandao huwa mzito wiki hiyo kama Jogoo Road saa kumi na moja jioni.

5. Ikiwa ushuru uliokatwa ni mwingi kuliko unaostahili, omba urudishiwe. Usichoke ukiombwa stakabadhi zaidi.

Nawe fundi, mfanyabiashara wa Gikomba au mwenye matatu, usidhani hii ni habari ya wenye mishahara pekee. Ukiwasilisha ritani na kulipa ushuru wa mapato, haki hii ni yako pia.

Waliosahau je?

Pengine umekuwa ukilipa mkopo tangu zamani na hujawahi kudai hata shilingi. Usikate tamaa. Sheria inakuruhusu kurekebisha ritani uliyokwisha wasilisha, na kuomba kurudishiwa ushuru uliolipa kupita kiasi, ndani ya miaka mitano. Kumbuka tu kwamba kwa miaka iliyotangulia 2025, hesabu yako itafuata kiwango cha zamani cha Sh300,000.

Ila miaka mitano haikungoji. Kila mwaka mpya ukiingia, mmoja wa nyuma unazikwa na pesa zake. Mtu aliyepoteza nafuu ya Sh80,000 kwa mwaka, kwa miaka minne, amepoteza Sh320,000. Hiyo ni karo ya chuo, au ni paa jipya.

Iko hoja kwamba nafuu hii inawafaa wachache. Ni kweli. Nchi nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu katika benki, na mpangaji wa chumba kimoja Kayole hapati nafuu yoyote kwa kodi anayolipa kila mwezi. Hilo ni suala la kuwauliza wabunge wetu. Lakini haki isiyowafikia wote si sababu ya wewe kuitupa ile iliyokufikia, hasa ikiwa ulijinyima nyama na nguo mpya ili upate ufunguo huo.

Basi leo jioni, baada ya chakula, baba na mama mketi mezani. Toeni barua ya mkopo kutoka chini ya godoro au juu ya kabati. Tafuteni risiti ya ada mliyolipa siku ile ya furaha. Kama kuna mwanafunzi nyumbani anayejua hesabu za asilimia, mpeni kalamu na karatasi awafanyie hesabu. Atajifunza jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni, na huenda karo yake ya muhula ujao ikatoka humo humo.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia hesabu njema.