Mama, acha kuomba "dawa kali" (Sehemu ya 4)

Leo nasema wazi: hii ya "nesi, mchome mtoto dawa kali" tuiache.

Hakuna dawa kali. Kuna antibayotiki inayomuua mdudu aliyemshika mwanao, na kuna isiyomuua. Basi. Na wadudu wa wodini, akina Klebsiella, Pseudomonas na Acinetobacter, ni wajanja kuliko tunavyodhani.

KWANZA, WANA PAMPU. Kwenye ukuta wa bakteria kuna vipampu vidogo vinavyotema dawa nje. Fikiria mtumbwi unaovuja pale Mwaloni Kirumba. Maji yakiingia kidogo kidogo, mvuvi anachota kwa kopo na kumwaga, mtumbwi hauzami. Ukinunua vidonge vinne badala ya dozi, ndivyo unavyomfanyia bakteria: unampa maji anayoyamudu. Wenye pampu nyingi wanabaki, wanazaana. Tena pampu moja inaweza kutema dawa za aina kadhaa, hata ambazo mtoto hajawahi kupewa. Si habari mpya hii. Mwaka 1980 watafiti wa Boston, Marekani, walionesha jinsi E. coli anavyoitema tetrasaiklini.

PILI, WANAJENGA NYUMBA. Unaujua ule utelezi ndani ya ndoo ya maji? Ukisuuza hautoki, mpaka usugue. Bakteria wanajenga utelezi kama huo ndani ya kanula, kwenye mpira wa mkojo na kwenye mrija wa kupumulia. Waliojificha ndani kabisa wamelala, na dawa nyingi huua bakteria anayekua, siyo aliyelala. Unaweza kubadilisha sindano tatu na homa ikarudi palepale. Mara nyingi dawa ya kanula iliyochafuka ni kuitoa.

Na hapa kwetu Mwanza siyo hadithi. Mwaka 2010 watafiti wa Bugando walichapisha utafiti kuhusu vichanga wenye maambukizi ya damu: waliopata bakteria sugu walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufariki. Mwaka 2016 wakachapisha tena: bakteria sugu, wale wenye vimeng'enya vinavyokatakata dawa, wamekutwa kwenye matumbo ya samaki na kwenye mazingira ya mwambao wa ziwa. (Samaki kuleni, ila msafishe vizuri, mnawe mikono, waive kabisa.) Kwa hiyo usiseme "hayo ni ya hospitali". Yameshatoka getini zamani.

Sasa kuna wanaosema kosa lote ni la akina mama. NAPINGA. Mama ananunua nusu dozi kwa sababu mfukoni ana hela ya nusu dozi. Na muuzaji anayemkatia vidonge viwili viwili je? Na sisi watumishi tunaotoka kitanda hiki kwenda kile bila kunawa? Na wodi yenye bomba lisilotoa maji? Mama hakujenga utelezi kwenye kanula. Tusimbebeshe mzigo wetu.

Ila una haki ya kuuliza, na usione aibu:

👉 "Nesi, samahani, umenawa?" Atakayenuna, anune.
👉 "Kanula hii ina siku ngapi? Bado inahitajika?" Ikivimba, ikiuma au ikiwa nyekundu, sema saa hiyohiyo.
👉 "Damu imechukuliwa kwenda kuoteshwa maabara?" Ichukuliwe kabla ya dawa pale inapowezekana. Mtoto akiwa na hali mbaya, dawa isicheleweshwe kusubiri majibu.
👉 Nyumbani: mafua ya kawaida hayahitaji antibayotiki. Ukiandikiwa, pata dozi yote na uifuate kama ulivyoelekezwa. Hela haitoshi? Mwambie daktari palepale, usikate kimyakimya.

Na tusielewane vibaya: sijasema uogope hospitali. Kichanga asiyenyonya, wa moto au wa baridi isivyo kawaida, au anayehema haraka, KIMBIA NAYE. Usipitie duka la dawa.

Dawa tulizonazo ni chache, na mpya haziji haraka. Tukizichezea leo, wajukuu zetu watakufa kwa kidonda cha mguu. Mtumie mama mmoja mwenye mtoto mdogo asome.