Pikipiki ya mtoto inakula plagi? Usipunguze oili!

Leo kona yetu ni ya wazazi waliowanunulia watoto vile vipikipiki vya kurukia matuta, Yamaha PW50, KTM 65 na ndugu zake, vinavyolia kama nyuki waliochokozwa. Siku ya kwanza ni raha na picha. Wiki ya pili mtoto anapiga kiki mpaka machozi, baba anafungua plagi, imelowa tiii! Ananunua nyingine. Jumamosi inayofuata, imelowa tena.

Hapo ndipo anapotokea mjuaji wa mtaa: "Oili imezidi hiyo, punguza." Jamani, msimsikilize! Hizi ni injini za tu-stroki, hazina oili yake chini kama gari lako. Pistoni na beringi zinalainishwa na ileile inayoingia na petroli. Ukipunguza oili, nafasi yake inachukuliwa na petroli, ambayo tayari ndiyo iliyozidi! Halafu siku mtoto yuko kasi, pistoni inanoki, na kwa pikipiki ya gia tairi la nyuma linaweza kugoma papo hapo. Mtoto anaruka juu ya usukani. Kisa plagi.

Plagi kulowa ni homa tu, malaria iko kwingine. Itazame rangi. Kahawia ya chai ya maziwa, safi. Nyeusi ya masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Nyeusi ya utelezi, oili. Nyeupe peee, hiyo ndiyo ya kuogopa, injini inaungua.

Mara nyingi mchawi ni choki iliyosahauliwa, au sponji ya hewa iliyojaa vumbi. Ioshe, ikauke, ipake oili yake kidogo, ikamue. Kidogo nimesema, siyo kama unakaanga maandazi.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo mafundi wengi wanaliruka. Kabureta iliyopangwa Dar ukiipeleka Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, au Nairobi, karibu 1,700, hewa ya huko ni nyepesi lakini petroli inamwagika kama mwanzo. Plagi lazima iwe nyeusi. Dawa ni jeti ndogo zaidi. Ila mkishuka pwani kwa likizo, rudisheni ile kubwa kabla mtoto hajapanda, la sivyo petroli itapungua, injini ipate moto, inoki.

PW50 ina tanki lake la oili na pampu. Wapo wanaochanganya tena kwenye petroli, oili inakuwa mara mbili, kisha wanalaumu plagi! Kwa zile za kuchanganya, kitabu kikisema 32 kwa 1, ni mililita 31 kwa kila lita. Pima kwa bomba la sindano, siyo kwa kizibo cha chupa.

Kama oili ya giaboksi inapungua bila kuvuja nje na moshi ni mweupe mzito, sili ya krenki imekufa na injini inainywa. Hiyo mpe fundi.

Mwingine ni mtoto mwenyewe, maskini. Anazunguka uani polepole kwa kuwa mama amesimama anatazama. Plagi huanza kujisafisha ikifika joto la nyuzi 450 hivi, na kwa mwendo wa jongoo haifiki. Injini ikishapata moto, mpelekeni kiwanjani aivute kidogo. Mkiona lazima, wekeni plagi ya moto zaidi kwa hatua moja tu. Kwa NGK namba ndogo ndiyo ya moto, mfano BR8ES ni ya moto kuliko BR9ES.

Ikilowa njiani, funga petroli, toa plagi, vuta akseli yote, piga kiki mara kumi hivi petroli itoke. Waya wa plagi uwe mbali na tundu, na mwenye sigara asogee kule! Kisha funga plagi kavu. Ya akiba ikae mfukoni mwa baba, pamoja na spana yake.